Kiyama Kesho, Kodi Leo

Baba mwenye nyumba wangu ana hakika kwamba dunia haimalizi mwaka huu. Ushahidi anauhesabu kwa vidole: vita Mashariki ya Kati, masika yasiyojua tena majira yake, vijana wa kiume kusuka nywele, na bei ya nyanya. Jioni akishakaa kwenye benchi lake uani, sisi wapangaji tunapanga ndoo bombani huku tunapewa somo. Mali za dunia ni ubatili mtupu, tujiandae, parapanda inasubiri pumzi tu. Nasi tunaitikia "kweli mzee", maana bomba ni lake.

Mkataba wangu ulipoisha, mzee huyo huyo akataka kodi ya miezi sita mbele, taslimu, na nyongeza juu. Nikamuuliza kwa adabu zote: "Sasa mzee, kama dunia haifiki Desemba, hiyo miezi inayobaki nalipia chumba cha wapi?" Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. "Kijana," akasema, "mambo ya Mungu usiyachanganye na mambo ya nyumba."

Hapo ndipo wanaponiudhi. Sijasikia hata mmoja wa hawa watangazaji wa kiyama akisamehe deni. Juzi kwenye daladala tulipanda na mhubiri mmoja, tumebanana hadi mlangoni, naye katushukia kuanzia Tazara kwamba fedha na dhahabu zitakuwa majivu. Akina mama wanafuta machozi. Kufika Buguruni anashuka, konda kamrudishia hela pungufu. Wewe! Mtumishi aligoma kushuka, kashikilia bomba la mlango, anadai shilingi mia yake mpaka dereva akazima gari. Majivu hayo yana thamani kumbe.

Na msidhani ni uswahilini kwetu tu. Marekani kulikuwa na mzee Harold Camping, mhandisi aliyegeuka mhubiri wa redio. Alipiga hesabu za Biblia akapata Septemba 1994. Dunia ikagoma. Akarudi kwenye kikokotoo, safari hii akatoka na Mei 21, 2011, saa kumi na mbili jioni, kila nchi kwa saa zake. Mabango yakabandikwa huku na huko. Mstaafu mmoja wa New York alimwaga akiba yake, zaidi ya dola 140,000, kwenye matangazo ya kuwaonya wenzake, kisha siku ya siku akaenda kusimama Times Square kungoja. Saa ikafika, saa ikapita, watu wakampiga picha, wakaendelea na mambo yao. Camping akaeleza kwamba hukumu imekuja kiroho, kwa macho haionekani, mwisho wenyewe ni Oktoba 21. Nao ukapita. Mwaka uliofuata akakiri kwamba alikosea, lakini pesa ya yule mstaafu ilishakwenda.

Mwaka 2025 zamu ikawa ya Afrika Kusini. Joshua Mhlakela alitangaza kwamba unyakuo ni Septemba 23 na 24. TikTok ikawaka moto. Wako walioacha kazi, wako waliouza magari. Tarehe 25 watu wakaamka kwenye vitanda vyao, hawana kazi, hawana gari, na Mhlakela akasogeza mbele hadi Oktoba, eti kalenda ilikuwa na tatizo. Siku ya kiyama imekuwa kama kikao cha harusi: kinaahirishwa kila mara, lakini michango iliyokwishatolewa hairudi.

Katika historia yote hii ninayemjua kupata faida ni mkulima mmoja tu. William Miller aliwaambia Wamarekani kwamba Yesu anarudi, na wafuasi wake wakashika tarehe Oktoba 22, 1844. Wasabato, ambao kanisa lao lilichipuka kwenye vuguvugu hilo, husimulia habari za mfuasi aliyeacha viazi vyake ardhini kwa kuwa hakuona sababu ya kuvuna. Yesu hakuja siku hiyo, lakini mwaka huo viazi vya waliowahi kuvuna vilioza, vyake vilivyochelewa vikatoka vizima, akauza kwa bei nzuri. Huyo nampa heshima yake. Wengine wote walikula hasara.

Waislamu wenzangu msicheke, nanyi mmo. Jirani yetu ustadhi hutuma kila usiku sauti za dakika kumi na mbili kuhusu Dajali na kwamba maghorofa marefu ni dalili za Kiyama. Mchana yuko Kariakoo anasimamia ghorofa lake la saba. Jua lilipopatwa Septemba 2016, watu wakafunga safari mpaka Rujewa kule Mbeya kulitazama kwa miwani maalumu, yeye akatuambia tusitoke nje, ndiyo leo. Kesho yake asubuhi alifungua duka mapema kuliko siku zote.

Cha ajabu, vitabu vyenyewe havina utata. Mathayo 24:36 imeweka wazi kwamba siku hiyo haijui mtu wala malaika, anaijua Baba pekee. Qur'ani, sura ya Al-A'raf aya ya 187, nayo inasema elimu ya Saa hiyo iko kwa Mola peke yake. Malaika hawakuambiwa, lakini mtu wa mtaa wa tatu, mwenye simu ya kupasuka kioo, kaambiwa mpaka saa na dakika!

Ningecheka mpaka mwisho kama mambo yangeishia kwenye magari na viazi. Kanungu, Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliambiwa dunia inaisha Desemba 31, 1999. Wakauza ng'ombe, wakauza mashamba, wakakabidhi fedha. Januari ikaingia, wakaanza kuuliza. Machi 17, 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Mwaka 2023 pale Shakahola, Kilifi, waumini walifundishwa kufunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu, watoto wakiwa wa kwanza. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Hapo hakuna mzaha tena, na kote kuwili kulitangulia mtu aliyeonekana na wengi kuwa mcha Mungu mwenye msimamo mkali kidogo tu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, tarehe ikitajwa, usianze kulia wala kufunga. Mpeleke mtabiri wako kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili wawepo, na umwombe akuandikie kiwanja chake, kwa kuwa yeye hana matumizi nacho tena. Akianza kukwepa, nenda kazini. Akisaini, nipigie simu hata usiku wa manane, nitaamini.