Fulana Imepanda Bodaboda

Mtu mwenye beseni, sabuni ya kipande na maji bombani (siku yakiamua kutoka) anapeleka fulana drai klina kutafuta nini? Nauliza kwa sababu nyumbani kwangu yumo mmoja. Kijana wangu mkubwa, tangu apate kazi ya ofisi Posta, nguo zake hazigusi beseni tena. Zinapanda bodaboda kwenda kufuliwa. Mimi nimebanwa kwenye daladala, fulana imekaa kwa nafasi, inapigwa na upepo!

Sasa ameanza kuniunganishia na mashati yangu. Shati nimelinunua Karume, mtumba, elfu tano. Kulifua, elfu nne. "Baba, pasi yao inakaa." Nikamuuliza pasi ya nyumbani ina kosa gani. Eti inakula LUKU. LUKU ambayo nanunua mimi!

Halafu hiyo drai klina yenyewe: nguo haifuliwi ikiwa kavu, inazungushwa kwenye kemikali badala ya maji. Inayojulikana zaidi ni perikloroethilini, kiboko ya mafuta na grisi. Kwa suti ya sufu sibishi hata kidogo, maana ukiichovya kwenye beseni inatoka saizi ya mtoto wa kipaimara. Lakini shati la Dar es Salaam linaumwa nini? Jasho. Jasho ni maji na chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye kemikali hiyo. Inataka maji. Ina maana unalipa elfu nne, jasho lako unarudishiwa limepigwa pasi. Na Wamarekani Desemba 2024 walishaamua madobi wao waiache kemikali hiyo ndani ya miaka 10, kwa kuwa inahusishwa na saratani.

Tena bora hata iwe hiyo kemikali. Juzi nimekwenda mwenyewe kuchukua mzigo, feni ikapeperusha pazia la nyuma. Nikaona ndoo, brashi, na kijana amekaa kwenye kigoda anasugua kola kwa sabuni ya kipande. Ya bluu, kama ya kwangu.

Nyuma ya risiti wameandika kwa herufi za sisimizi kwamba duka halitahusika na vifungo, zipu, rangi kuchuja wala nguo kupotea. Linahusika na nini basi? Kifungo changu cha pili kutoka juu kimerudi nusu. Kile kikaratasi cha namba wamekibana kwa pini kwenye tundu la kifungo hicho hicho, asubuhi nakipigania kwa meno huku konda anaita Kariakoo.

Nilichofaidi ni hanga za waya. Zimejaa kabatini, zimejaa msumarini nyuma ya mlango, na mama watoto moja ameinyoosha, anazibulia sinki.