Kurasa za Manjano

Kitabu cha mwanafunzi wa uuguzi hutambulika kwa mbali: ni cha manjano. Mwenyewe alianza kupaka rangi maneno muhimu, kisha akaona sentensi nzima ni muhimu, na kufika sura ya tatu kilichobaki cheupe ni namba za kurasa. Kesho mtihani, kwa hiyo usiku huu anakesha, miguu ndani ya beseni la maji baridi, akirudia desa lile lile mara ya nne na kuzidi kujiamini. Hapo ndipo penye hatari. Anachokipata ni kuzoeana na karatasi, na mazoea hayajamnusuru mtu na sapu. Abiria wa Mbagala huiona barabara kila siku, lakini mkabidhi usukani wa daladala uone.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likafunika na kuandika liliyoyakumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma kwa kurudia waliongoza, na bila shaka walitoka kifua mbele. Wiki moja baadaye walikumbuka asilimia 40 hivi, wenzao 61. Atakayebisha atasema mtihani ni kesho, si wiki ijayo. Sawa, ila wodi ni wiki ijayo na miaka yote itakayofuata. Mgonjwa akiandikiwa lita moja ya dripu kwa saa nane, na mpira unatoa matone 20 kwa mililita, matone 42 kwa dakika hayajapakwa rangi ubavuni mwake.

Wapo wanaodai uuguzi ni kukariri tu, maana dozi hazina mjadala. Ndiyo, na kukariri ni kutoa kichwani. Kutazama ukurasa ni kutazama ukurasa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kujiuliza maswali kunaumbua: unafunika daftari, unatafuta dalili za upungufu wa maji kwa mtoto, unapata moja, nayo ni kiu. Kweli kunaumbua, lakini chumbani umejifungia peke yako. Sista wa zamu atakuuliza swali hilo hilo mbele ya wodi nzima, na kama ni wodi ya watoto, kina mama watakusaidia kujibu.