Kabla Hujaulaumu Mlima

Kompyuta ikigoma kuingia intaneti hapa Moshi, usiulaumu mlima wala mawingu yake. Tangu 2022 TTCL imefikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpagazi anatuma picha kutoka kule juu, wewe uko Mbuyuni unatumbulia macho alama ya "hakuna mtandao". Kama Wi-Fi hiyohiyo inashika kwenye simu, ugonjwa umo mezani kwako.

Atatokea wa kukwambia, "Piga windoo upya." Kataa kwa adabu, lakini kataa. Windows mpya mara nyingi huja bila draiva ya kadi ya mtandao ya zamani, na ile uliyokuwa nayo utakuwa umeifuta, pamoja na hesabu za kikoba na picha za kipaimara cha mtoto. Picha za kipaimara, jamani!

Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, shuka hadi Network adapters. Ukiona kipembetatu cha njano chenye alama ya mshangao, shangilia: kadi ipo, draiva ndiyo mgonjwa. Kama shida ilianza baada ya Windows kujisasisha, ingia Properties, kisha Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Kadi isipoonekana popote, huenda imelegea au imezimwa kwenye BIOS. Hapo fundi mwenye bisibisi anastahili pesa yake.

Kadi isiyo na jina ina namba. Fungua Details, chagua Hardware Ids, usome kinachofuata VEN_: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom. Ukishaijua, tafuta draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa modeli iliyoandikwa chini yake. Programu zinazojinadi kukutafutia draiva zote bure zikwepe kama nyoka kihambani.

Utapakuaje bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya, uwashe USB tethering. Kompyuta itaiona simu kama kadi nyingine ya mtandao, na draiva yake kwa kawaida Windows inayo tayari. Ila iambie Windows kwanza kuwa muunganisho huo ni wa kupimwa (metered), la sivyo masasisho yatalamba bando lote kabla hujafika kwenye tovuti.

Draiva ikishapatikana, ihifadhi kwenye flashi, uandike modeli juu yake, uiweke palipo na vyeti vya kuzaliwa.