Waraka kwa Mwenye Kusaini Majina ya Wanaokwenda Kusoma

Mheshimiwa,

Naandika hadharani kwa sababu barua tatu nilizopitisha masijala hazikujibiwa, na jambo lenyewe si la mimi na wewe peke yetu. Ni habari ya madaktari wanaotaka kusomea ubingwa wa tiba ya nyuklia, ambao majina yao hayaendi popote mpaka yapite mezani kwako.

Nianze na shukrani, maana jina langu ulilisaini wewe. Nilikwenda Afrika Kusini, nikakaa miaka minne ambayo ndiyo muda wa mafunzo haya kule, na nilirudi naijua kazi ambayo siku naondoka niliijua kwa jina tu. Fadhila hiyo siisahau. Lakini ada ya mwaka wa pili na posho yangu zilichelewa miezi mitano. Mwanafunzi wa kutoka nje kule hushika zamu sawa na wenyeji, ila fedha yake inatoka nchini kwake. Miezi ile mitano nilikula kwa hisani ya dada mmoja Mzambia tuliyepanga naye nyumba. Ningelinyamazia hili kama lingekuwa langu peke yangu. Aliyenifuata yalimkuta yaleyale, kwa hiyo siwezi tena kuliita bahati mbaya. Ni mazoea ya ofisi.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni maneno uliyoyasema kikaoni, nami nikiwemo, kwamba mtaalamu wa radiolojia akipewa kozi ya wiki sita atatosha, kwa kuwa kazi yetu ni kusoma picha. Niruhusu nikupinge kwa adabu. Nchini Marekani bodi ya ubingwa huu iliundwa mwaka 1971, na anayeusomea peke yake hutumia miaka mitatu baada ya mwaka wa mazoezi ya udaktari. Hata anayesomea ubingwa wa radiolojia huko akitaka kuuchukua huu pamoja na wake hutengewa miezi 16 ndani ya mafunzo yake. Hao ni watu wasio na uhaba wa mashine wala wa walimu. Wiki sita tumezipata wapi?

Naomba uje asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, kabla wagonjwa hawajafika. Nitakuonyesha jenereta yetu. Si ile ya umeme. Ni chombo cha kukumbatiwa kwa mkono mmoja, ila kizito kuliko umbo lake kwa sababu ndani kimezungushiwa risasi. Katikati mna nguzo nyembamba iliyoshika molibdeni, na molibdeni hiyo inageuka teknishiamu usiku na mchana, tuwepo tusiwepo. Unapachika kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja, na upande wa pili kichupa kitupu kilichonyonywa hewa. Kile kitupu kinayavuta maji, yanapita kwenye nguzo, yanatoka yamebeba teknishiamu. Tunaita kukamua. Kisha unapima nguvu yake, unahakikisha molibdeni haikuvuja pamoja nayo, ndipo unachanganya na dawa ya mfupa, ya figo au ya moyo, kwa mgonjwa fulani, mwenye uzito fulani.

Ukikamua teknishiamu saa moja asubuhi, saa saba mchana imebaki nusu, na saa moja usiku imebaki robo. Molibdeni nayo hupungua kwa nusu kila saa 66. Ndiyo maana jenereta iliyokwama siku tatu uwanja wa ndege ikisubiri sahihi ya mtu aliyekwenda msibani ilitufikia imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Wagonjwa tuliowaita kutoka mikoani tukawarudisha. Fedha ile ya umma iliyeyukia ghalani, wala hakuna aliyeiiba. Daktari anayesomea ubingwa huu hufundishwa kuishi na saa hiyo: amchome nani kwanza, nani anywe maji asubiri saa tatu picha ya mifupa ipigwe, nani aambiwe ukweli kwamba leo haitamfikia. Hilo halimo kwenye picha, Mheshimiwa. Picha ni mwisho wa kazi.

Na ipo sehemu isiyo na picha kabisa. Tangu mwaka 1941, Saul Hertz alipomtibu mgonjwa wa kwanza kwa iodini ya mionzi huko Boston, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inatibika kwa dawa ya kunywa. Kwetu ni kidonge. Mgonjwa anakimeza kwa maji, anaondoka kwa miguu yake. Mtu akitazama kwa mbali ataona hapo hakuna cha kusomea miaka minne.

Mwezi uliopita aliletwa mama wa miaka 31, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, gauni limempwaya. Kipimo cha mimba kilionyesha hana. Kwenye faili iliandikwa, kwa mwandiko safi, kwamba hanyonyeshi. Kidonge kilikuwa tayari ndani ya kopo la risasi. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikauliza upya kwa namna niliyofundishwa na profesa wangu: sikumuuliza kama ananyonyesha, nilimuuliza mtoto analala saa ngapi na analalaje. Akacheka kidogo, akasema, "Daktari, huyo bila ziwa halali. Lakini ni usiku tu."

Usiku tu. Iodini ile hupita kwenye maziwa ya mama, na tezi ya mtoto huikusanya kama ya mtu mzima. Tungemtibu mama tukaiunguza tezi ya mwanawe. Tuliahirisha, amwachishe kwanza, na kidonge kile kikabaki koponi kinapungua nguvu. Swali lile sikulipata kitabuni. Nililipata mwaka wa tatu wa mafunzo, nimesimama nyuma ya mwalimu aliyekuwa akiliuliza kila siku ya kliniki, mpaka likanikaa mdomoni. Ndugu zangu wa radiolojia nawaheshimu sana, na wengi wao watakwambia hawataki kubebeshwa hilo kwa wiki sita.

Sasa nikueleze nilivyopokelewa niliporudi. Kamera ya gama ilikuwa imekwisha kuzinduliwa, utepe umekatwa, picha zimepigwa. Nikaikuta imefunikwa turubai. Mimi nikapangiwa wagonjwa wa nje, chumba namba nne, miezi kumi na moja, natibu vikohozi na malaria, kwa maelezo kwamba ikama haina cheo changu. Kutibu malaria si aibu. Lakini ulitumia miaka minne na fedha za watu kumtengeneza mtu mmoja, kisha hukumwandikia kiti. Mwenzangu aliyerudi mwaka uliofuata alivumilia nusu mwaka, akapata kazi Ghuba. Ofisi yako ikamwandikia barua kali ya kuvunja mkataba. Nilipoisoma nilijiuliza ni nani aliyetangulia kuuvunja.

Ninachokuomba hakihitaji bajeti mpya. Cheo kiingie kwenye ikama kabla tiketi haijakatwa. Wapelekwe wawili kwa pamoja, maana mmoja akiugua au akijifungua huduma nzima inafungwa, nami nalijua hilo kwa mwili wangu: nilirudi kazini wiki ya sita baada ya kujifungua, kwa kuwa jenereta ilikuwa imefika. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna hutoa ufadhili wa mafunzo haya, na fomu zake zina tarehe ya mwisho. Mwaka juzi fomu mbili zilizojazwa kikamilifu zililala kwenye meza ya ofisi yako mpaka tarehe ikapita. Vijana wale wawili walikuwa wamefaulu vizuri kuliko mimi. Na tukishakuwa watatu au wanne hapa nyumbani, turuhusu tufundishe sehemu ya mafunzo wenyewe, wagonjwa tunao wa kutosha kila aina, kisha wanafunzi waende nje kwa yale tu tusiyo nayo bado.

Jana jioni, naosha mikono nijiandae kuondoka, daktari mmoja kijana wa wodini alinifuata. Amekuwa akija chumba cha dawa za mionzi kila siku ambayo hana zamu, anasimama mlangoni nyuma ya mstari wa njano, anatazama tunavyokamua. Aliniuliza barua ya kuomba kusomea ubingwa huu aielekeze kwa nani. Nilimtajia cheo chako. Akauliza huwa inachukua muda gani kujibiwa, nikamwambia kwanza nitakuandikia mimi.

Wako katika utumishi,
Daktari wa chumba namba nne, zamani