Heko kwa Kuku wa Ewood Park

Katika soka kila mtu ameshasifiwa. Wamesifiwa washambuliaji, wamesifiwa makocha, na siku za amani wamesifiwa hata marefa. Nimewahi kusoma sifa za mkata nyasi. Aliyesahaulika ni mmoja tu, naye alicheza Ligi Kuu ya Uingereza bila usajili, bila wakala na bila vipimo vya afya, tena pekupeku, kwenye mvua. Leo nampa haki yake. Namsema kuku.

Si kuku yeyote. Ni yule aliyeingia dimbani Ewood Park usiku wa Jumatatu, tarehe 7 Mei 2012, Blackburn Rovers wakiwakaribisha Wigan Athletic katika mechi ambayo wenyeji wasiposhinda wanashuka daraja. Mpira haujachezwa sana, mara huyo, anakatiza nyasi, mgongoni kavishwa bendera ya Rovers. Mchezo ukasimama. Watu ambao msimu mzima walikuwa wakitoka uwanjani wameinamisha vichwa wakaangua kicheko. Akafukuzwa, akakamatwa, akatolewa, na maisha yake ya soka yakaishia hapo. Mengine yakaenda kama yalivyotarajiwa: Antolín Alcaraz akaifungia Wigan bao la pekee dakika za lala salama, na Rovers, waliokuwa wamekaa Ligi Kuu misimu 11 mfululizo, wakafungasha.

Anayesifiwa huanziwa na nasaba, basi tuanze huko. Uwanjani hapo usiku ule hapakuwa na mchezaji, kocha wala mkurugenzi aliyekuwa karibu na asili ya klabu kuliko yeye. Wamiliki wa Rovers ni Venky's, kampuni ya familia ya Rao kutoka mji wa Pune, India. Mwasisi wake, B. V. Rao, alianza biashara ya kutotolesha vifaranga mwaka 1971, ikakua mpaka akaitwa baba wa ufugaji wa kuku wa kisasa nchini mwake. Wanawe wakairithi, na Novemba 2010 wakainunua Rovers kwa takriban pauni milioni 23. Sasa jiulize fedha zile zilitoka wapi. Zilitoka kwenye mapaja, vidari na mayai. Ukizifuata hesabu mpaka mwisho utakuta kuku ndio walioinunua Blackburn Rovers. Kwa hiyo magazeti yaliyoandika kwamba kuku kavamia uwanja yalimkosea adabu. Mwenye mali hakuvamia, alikuja kukagua.

Na ilikuwa mali ya kukaguliwa. Rovers ilianzishwa mwaka 1875, na ni miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha ligi ya soka ya Uingereza mwaka 1888. Blackburn ni mji wa viwanda vya nguo huko Lancashire, na viwanda vyenyewe vilishakufa zamani. Lakini Januari 1991 mzaliwa wa mji huo aliyetajirika kwa chuma, Jack Walker, aliichukua klabu, akamleta Kenny Dalglish kuwa kocha, akamnunua Alan Shearer kwa zaidi ya pauni milioni 3, na mwaka 1995 Rovers wakawa mabingwa wa Uingereza mbele ya Manchester United. Walker hakuwa malaika. Fedha zake zilivuruga bei za wachezaji nchi nzima, na mwenyewe alikuwa ameshahamia kisiwa cha Jersey ambako kodi ni nyepesi. Lakini alijua kwa nini mtu wa Blackburn hukosa usingizi Jumamosi usiku, kwa kuwa naye alikuwa akiukosa. Alifariki mwaka 2000. Miaka 10 baadaye wakaja wenye kuku.

Nitayapitia haraka waliyoyafanya, maana mashabiki wa pale bado huyasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibwa nyumbani kwake. Sam Allardyce alikuwa kaiweka timu nafasi ya 13. Akatimuliwa Desemba 2010, kabla wamiliki hawajamaliza hata wiki sita. Kiti akapewa Steve Kean, aliyekuwa mmoja wa wasaidizi wake na hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote. Mezani kukawa na ndoto ya kumsajili Ronaldinho, na Ronaldinho akaenda zake Flamengo. Timu ikanusurika kushuka siku ya mwisho ya msimu, ikiwa ugenini kwa Wolves. Kiangazi Phil Jones, kijana aliyelelewa na klabu, akauzwa Manchester United kwa zaidi ya pauni milioni 16. Oktoba 2011 kikosi kikiwa kwenye eneo la hatari kikapakiwa kwenye ndege kwenda Pune kucheza mechi ya kirafiki. Dirisha la Januari 2012 beki Ryan Nelsen akaachiwa akaenda Tottenham, na punde Christopher Samba naye akauzwa Urusi. Timu inazama, na mabeki wanashushwa kwanza.

Na kuna tangazo la kuku wa Venky's. Hili haliwezi kupitwa haraka. Wachezaji wa Rovers walirekodiwa wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, wamevaa jezi, wakitafuna mapaja ya kuku kabla ya kuingia uwanjani. Tangazo hilo lilitoka msimu uleule ambao timu ilikuwa inaburuza mkia. Wapishi wa harusi watakwambia ni nini hutokea mtu akishiba kuku kisha akaambiwa akimbie dakika 90. Lakini acha hilo. Fikiria upande wa yule niliyemsifu. Alijua, au tuseme jamaa zake walijua, kwamba baadhi ya watu watakaomzunguka uwanjani wamewahi kuonekana kwenye tangazo wakila ndugu zake. Akaingia hivyohivyo. Walimu wa soka hupenda kusema mchezaji fulani ana moyo. Moyo wa namna hiyo sijauona kwa beki yeyote aliyevaa jezi ya bluu na nyeupe msimu ule.

Sifa ya pili ni mahudhurio. Shabiki hamdai mmiliki mambo makubwa. Anataka amwone. Anataka timu ikifungwa nne, yule mwenye timu awe jukwaani anakunja uso kama yeye, ili angalau hasira iwe na pa kutua. Pale Ewood viti vya familia ya Rao vilikaa vitupu muda mrefu, na maamuzi yakawa yanatoka Pune. Mashabiki waliandamana. Walishika mabango, waliimba mpaka koo zikakauka, walikodi hata ndege ipite angani ikikokota ujumbe wa kumtaka kocha aondoke. Majibu hayakuja. Kuku alikuja. Alifika kwenye mechi ngumu kuliko zote, usiku, kwenye mvua. Huyo ndiye mwakilishi wa pekee wa sekta ya kuku aliyeonekana wazi na umma wa Blackburn siku ambayo umma ulimhitaji.

Hapa niseme neno kuhusu sheria za nchi ile, kwa kuwa bila kuzijua hutaelewa kwa nini watu wazima wenye ajira na wajukuu wafikie hatua ya kubeba kuku chini ya koti. Uingereza ya wakati ule mtu akishanunua hisa za klabu, na Venky's walinunua karibu zote, klabu ilikuwa yake kama gari lake. Aliweza kuiosha, aliweza kuigonga ukutani. Shabiki aliyekata tiketi ya msimu tangu enzi za babu yake hakuwa na kura hata moja. Wajerumani waliliona hilo mapema, wakaweka kanuni ya 50+1, kwamba wanachama wabaki na kura nyingi. Na sisi Tanzania, pamoja na vituko vyetu vyote, ulipokuja mjadala wa kuziingiza Simba na Yanga kwenye mfumo wa hisa, serikali ilitaka asilimia 51 ibaki kwa wanachama. Tumegombana sana kuhusu hiyo 51, na tutaendelea kugombana kwenye mikutano mikuu, viti vikiruka. Lakini mwanachama wa Yanga akichukia ana mkutano wa kwenda kupigia kelele. Shabiki wa Rovers alikuwa na kuku.

Tena alimtumia kwa ustaarabu. Kampeni ya kumpinga Kean ilikuwa imeshafika pabaya. Yule bwana alizomewa na kutukanwa wiki baada ya wiki kwa kosa la kukubali kazi ambayo wengi wetu tungeikubali, na Desemba 2011, walipofungwa nyumbani na Bolton, matusi yalikuwa mazito kiasi kwamba makocha wenzake walijitokeza kumtetea. Halafu kulikuwa na hatari nyingine. Wamiliki ni Wahindi, na Blackburn ni mji wenye maelfu ya wakazi ambao wazee wao walitoka India na Pakistan kuja kufanya kazi kwenye vile viwanda vya nguo. Hasira ya soka ikikosa breki inaweza kutoka kwenye salio la klabu ikaishia kwenye rangi ya jirani. Kuku hakumtukana mtu. Hakutaja dini ya mtu wala ngozi ya mtu. Alielekeza ukucha kwenye biashara, palepale penye kidonda, akaendelea kudonoa.

Kwa upande wa ufundi sitatia chumvi. Pasi hakutoa. Lakini alikimbia kwenye nafasi, alibadilisha upande bila kuambiwa, na alihitaji watu kadhaa kumkaba. Kwenye kikosi kile aliyestahili kuwekwa naye mizani moja ni Yakubu Ayegbeni, Mnigeria aliyefunga mabao 17 ya ligi msimu ule, manne kati ya hayo siku moja dhidi ya Swansea. Mtu akifunga mabao 17 na timu yake ikashuka, tatizo haliko kwenye miguu yake. Hao hao Rovers walikwenda Old Trafford siku ya mwisho ya 2011, siku Alex Ferguson anatimiza miaka 70, wakashinda 3-2. Ndivyo timu mbovu zinavyowatesa watu wake. Hazikubali kuwa mbovu kila wiki, ili nawe uweze kukata tamaa ukapumzika.

Msomaji wa Muscat anaweza kuninong'oneza kwamba usiku ule yeye alikuwa na furaha zake, na ni kweli. Golini kwa Wigan alisimama Ali Al-Habsi, Mwomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliyewahi kuwa zimamoto kwenye uwanja wa ndege wa Seeb. Hakuruhusu bao, na ushindi ule ukaihakikishia Wigan kubaki. Simnyimi sifa zake. Ila Al-Habsi alilipwa mshahara kwa kazi hiyo, na wa kwangu alitokea bure.

Tukiingia kwenye suala la fedha ndipo kuku anapowaacha wote mbali. Kean alijiuzulu Septemba 2012. Akaajiriwa Henning Berg, beki wa ule ubingwa wa 1995, akakaa siku 57 akatimuliwa. Mahakama ikaiamuru klabu imlipe pauni milioni 2.25. Akaja Michael Appleton, akadumu siku 67. Kuku alikaa uwanjani muda mfupi kuliko wote hao, hakudai fidia, na hakuna timu iliyoporomoka kwa maamuzi yake.

Nao wamiliki? Tuwe wakweli: kwa miaka mingi wameendelea kumwaga mamilioni kuziba mashimo ya klabu, na wapo waliokimbia kwa hasara ndogo kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba fedha ilikuwa inafika Blackburn peke yake, haijaongozana na mtu. Tarehe 7 Mei 2017, miaka mitano kamili baada ya ule usiku wa mvua, Rovers walishinda 3-1 ugenini kwa Brentford na bado wakashuka tena, wamelingana pointi 51 na Nottingham Forest na kuzidiwa kwa tofauti ya mabao. Wakawa mabingwa wa kwanza wa zamani wa Ligi Kuu kuangukia daraja la tatu. Walirudi mwaka uliofuata chini ya Tony Mowbray, na kule juu kabisa hawajarudi.

Nje ya Ewood Park ipo sanamu ya Jack Walker, na anaistahili. Pendekezo langu ni kwamba pembeni yake iwekwe nyingine ndogo, ya shaba, isizidi urefu wa goti, mgongoni ina bendera. Gharama wasichangishwe mashabiki, tiketi walishalipa. Iandikwe ankara, itiwe muhuri, itumwe Pune kwa anwani ya idara ya masoko, maana kwa matangazo yote ambayo Venky's wamewahi kuyalipia Uingereza, hili moja ndilo watu wanalolikumbuka, nao hawakulitolea hata senti.