Heri Sayari Yenye Misonobari

Wanaozinung'unikia sayari za tamthilia ya runinga ya Stargate SG-1 hawana shukrani. Kwa misimu 10, tangu 1997 hadi 2007, mashujaa wake waliingia katika lango la kuendea sayari nyingine, wakaruka anga isiyo na mwisho, na aghalabu wakapokewa na misonobari ileile ya British Columbia, Kanada. Ulimwengu ulioje wenye ukarimu! Wenyeji nao, waliotenganishwa na Dunia kwa maelfu ya miaka, wanazungumza Kiingereza fasaha bila kukanyaga darasa. Huku kwetu mtu akivuka mto tu anatafuta mkalimani. Na sayari nzima kuwa na kijiji kimoja, mzee mmoja na hali ya hewa moja, huo si ubahili, ni utawala bora. Wanaanga wetu wanaohangaika na maroketi wangeulizia tu njia ya Vancouver.