Muulize Shangazi: Rundo Limebaki Kudondoka Tu

*Likizo ya shule nawapeleka wanangu pwani ya Skegness, lakini huishia kwenye jumba la mashine za kusukuma sarafu, kikombe cha sarafu za peni mbili mkononi. Rundo la mbele linaning'inia, limebaki kudondoka tu! Mume wangu anasema nimerogwa. Niongeze pauni tano au niache?*
*Bado Kidogo, Leicester*

Mwanangu, hukurogwa; mganga angekutoza zaidi. Tatizo ni hilo rundo. Sarafu iliyochungulia ukingoni haianguki maadamu uzito wake mwingi uko juu ya rafu, au nyingine zimeilalia mgongoni. Kwa hiyo "limebaki kudondoka" ni sifa ya sura yake tu. Lilikuwa hivyo jumba lilipofunguliwa asubuhi, na usiku litaachwa hivyo hivyo. Sasa tazama rafu ya juu inavyokwenda mbele na kurudi. Sarafu yako ikilala bapa, inabanwa na ukuta wa nyuma, inasukuma zilizo mbele yake, nazo zinamwagikia rafu ya chini. Rafu zikishajaa, kila inayoingia hutoa moja, kwa wastani. Ungekuwa unatia moja na kupata moja, lau zote zingeangukia mbele. Lakini kuna matundu ya pembeni, kulia na kushoto, na zinazotumbukia humo ni za mwenye mashine. Hahitaji sumaku wala hila. Hilo rundo unalolikodolea macho ni mtaji wake, na ndiyo maana halipungui.

Utasema aliyekutangulia ametia nyingi akaondoka mikono mitupu, basi zamu yako imeiva. Hoja hii siidharau. Matokeo ya dubwi, mashine ya kamari ya kwetu, huamuliwa na programu isiyojali nani alipoteza jana, ilhali mashine hii kweli imehifadhi sarafu za mtangulizi wako. Ila nazo zilishatoa za kwao, nyingine mbele, nyingine pembeni, na rafu iliyojaa haidaiwi na mtu. Kilichobadilika ni mpangilio, ambao unaweza kukufaa au kukukomoa. Kidude cha kuning'inizia funguo kikiwa kimelala ukingoni kabisa, nakubali, nafasi yako ni nzuri kidogo. Ila hesabu sarafu ngapi utakuwa umekinunulia.

"Lakini Shangazi, ni peni mbili tu!" Kweli, na sheria ya kamari ya Uingereza ya mwaka 2005 na kanuni zake zinaziweka mashine hizi katika daraja D, la chini kabisa: dau lisizidi peni 20, na hata mtoto anaruhusiwa kucheza. Udogo huo ndio unaokufanya usihesabu. Pauni tano ni sarafu 250, na ushindi hukujia kwa sarafu zile zile za kutia mashineni, kwa hiyo unaurudisha kabla hujauona kama pesa. Ukizichukulia pauni tano kuwa kiingilio cha burudani, ongeza, sina neno; sinema mara nyingi ni ghali zaidi. Ukizichukulia kuwa mbegu, acha leo hii. Na ukicheza, nenda na vikombe viwili: cha kutolea, na cha kuwekea zinazodondoka, ambacho hakiguswi mpaka mfike nyumbani. Hapo mwite mume wako azihesabu yeye.